Mwamba Hauvuti Kwake

Mimi ndiye ninayetembea mbele kwa miguu,
kinyumenyume, mikono juu,
nikimwonyesha dereva pa kukanyaga.
Kulia kidogo. Kidogo tena. Hapo. Simama.
Aliye ndani haoni tairi zake;
anaona boneti, mbingu, na viganja vyangu.

Basi niulizeni mimi,
maana hawa wawili wamebishana tangu Barstow,
na kabla ya Barstow, tangu mwaka juzi.

Baba, Eusebio, mchomeleaji wa karakana ya reli,
ana ekseli nzima mbele na nyuma,
boriti mbili alizozing'oa kwenye lori la jeshi
lililokufa kabla sijazaliwa.
Hueleza kwa ngumi: ya kulia inapanda,
ya kushoto inakandamizwa chini itafute ardhi.
Mzega, ndoo mbili, bega moja.
"Na difu inainuka na gurudumu," husema. "Tumbo halishuki."

Kaka yangu Nestor hucheka kwa meno yote.
Gari lake, kila gurudumu lina mkono wake,
springi yake, shokapu ndefu kama paja,
kila moja linaonja jiwe lake
bila kumwamsha jirani.
"Baba, hiyo yako ni nira ya maksai."
"Na yako ni vijiti vya kuchokolea meno."

Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake.
Mwamba wa jiwe hauvuti. Umekaa tu.

Korongo wanaliita Taya la Nyumbu:
matale makubwa kama majokofu,
yamepakwa weusi wa raba za waliopita
na oili ya walioshindwa.
Nestor alitangulia.
La kulia likapanda jokofu la kwanza,
la kushoto likabaki hewani,
likizunguka polepole kama la baiskeli iliyopinduliwa,
na tumbo likashuka likalala juu ya jiwe.
Nikakunja ngumi: simama!
Mguu wake ulishakanyaga mafuta,
usukani umekatwa hadi mwisho,
na ule mhimili mwembamba wa pembeni —

tah.

Mlio mdogo. Mfupa wa kuku.
Ncha ikapiga kasha la difu, likapasuka.
Oili ikatambaa juu ya jiwe jeupe bila haraka.

Nilingoja Baba aseme neno. Hakusema.
Alipanda kwa gia ya mwisho ya chini,
gari limeinama, bushi zinalia,
difu inakwaruza jiwe na kuacha mfereji unaong'aa.
Kaa mzee. Lakini akafika juu,
akafunga mnyororo, akamvuta mwanawe.

Ningeishia hapa kama ningekuwa mtoto wa upande mmoja.
Ila asubuhi, kwenye ile barabara ya matuta,
Nestor alifika nusu saa mbele yetu,
kahawa bado imejaa kikombeni,
na Baba alishuka kwa awamu:
mguu, kimya, mguu wa pili,
kisha mkono kiunoni, kwenye figo,
akajifanya anatazama mawingu.
Hakukuwa na wingu.

Sasa ni usiku, tunarudi kwa matuta yaleyale.
Gari bovu linavutwa na zima.
Baba amesema atashika usukani wa lile bovu,
"breki zake sizijui, nizisikilize."
Hakuna aliyemuuliza zaidi.

Nestor anaendesha la mzee, mimi pembeni yake.
Meno yanagongana. Chupa ya maji imetutoroka mara tatu.
Anaitukana ekseli kwa Kihispania cha bibi yetu,
kisha ananyamaza, anapapasa dashibodi
palipochomelewa upya, mshono juu ya mshono.

Ninageuka nyuma.
Katika mwanga wa taa zetu nyekundu
namwona Baba, mikono miwili usukanini,
magurudumu chini yake yakicheza kila moja ngoma yake,
na kichwa chake hakitikisiki.
Kila mmoja ameikalia hoja ya mwenzake.

Mbele kuna jiwe njiani, dogo tu.
Viganja vyangu vimeshainuka, kwa mazoea:
kushoto. Kidogo.